Mistari Tunayohama Nayo

Tarehe 15 Desemba 2022 GitHub, tovuti ambayo watu huhifadhia msimbo wa programu zao, ilikifunga rasmi kihariri chake kilichoitwa Atom. Kihariri ni ile programu ambayo sisi waandishi wa programu tunaandikia programu nyingine; ndimo tunamoshinda kutwa nzima, siku baada ya siku. Atom ilitoka mwaka 2014, toleo lake la 1.0 likafuata mwaka 2015, na kwa miaka kadhaa vijana wengi waliokuwa wanaanza kujifunza kutengeneza tovuti waliipenda. Ilikuwa ya bure, nzuri machoni, na mtu aliweza kuigeuza atakavyo mpaka rangi ya kishale. Mwaka 2018 Microsoft, ambayo tayari ilikuwa na kihariri chake, Visual Studio Code (VS Code), ikainunua GitHub. Vihariri viwili vikawa na mwenye mali mmoja. Juni 2022 tangazo likatoka, na waliokuwa bado wanatumia Atom wakapewa miezi sita wajipange.

Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Nimeisikia methali hiyo mara nyingi kwenye mabishano ya vihariri, ikisemwa na wakubwa kwa vijana wanaodandia kila kinachotoka. Ni onyo la haki. Nimeona watu wakibadilisha kihariri kila baada ya miezi michache, wakitumia muda mwingi kupanga rangi na vitufe kuliko kuandika kitu cha kumfaa mtu. Lakini methali inamwonya mwenye hiari. Wapo ambao hawakuuacha mbachao wao. Uliondolewa chini yao wakiwa wamekalia. Hao hawana swali la kama wahame au wasihame. Swali lao ni nini wabebe, na ndilo swali ninalotaka kukaa nalo hapa, kwa sababu nadhani sote tutaulizwa siku moja, kwenye kompyuta na nje ya kompyuta.

Tazama kwanza Atom yenyewe ilibakiza nini. Watengenezaji wake walihitaji ganda la kuibebea programu ya kivinjari ifanye kazi kama programu ya kawaida kwenye kompyuta, wakalitengeneza na kuliita Atom Shell. Baadaye likapewa jina lake lenyewe, Electron. Leo Electron inaibeba VS Code, ile iliyochukua nafasi ya Atom, na inabeba Slack na Discord pia. Halafu kuna Tree-sitter, kazi iliyoanzishwa na Max Brunsfeld, ambayo huusoma msimbo na kuuelewa muundo wake wakati mtu bado anaandika. Iliwekwa ndani ya Atom. Leo imo ndani ya kihariri kiitwacho Neovim, na tangu toleo la 29 la mwaka 2023 imo ndani ya Emacs, kihariri ambacho mizizi yake ni ya mwaka 1976. Brunsfeld mwenyewe, pamoja na Nathan Sobo aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Atom, walikwenda kutengeneza kihariri kingine, Zed. Wapo pia waliouchukua msimbo wa Atom wakauendeleza kwa jina la Pulsar.

Kwa nini hivi viliishi? Naona sababu moja kubwa. Vilitenganishwa mapema na nyumba vilimozaliwa, vikapewa majina yao na maelezo yao, hivi kwamba mtu asiyeijua kabisa Atom aliweza kuvichukua na kuvitumia. Vilivyogandana na Atom, vikawa haviwezi kuelezwa bila yenyewe, vilibaki navyo ilipobaki.

Na mtu naye anahama na kile alichowahi kukitenganisha na mahali alipojifunzia, akakijua kwa sababu zake. Kingine chote, hata kama alikifanya kwa ustadi miaka kumi, hukwama alikotoka, au kibaya zaidi, humfuata bila yeye kujua na kumsumbua ugenini. Nina rafiki aliyefanya kazi katika ofisi moja ambako kila barua pepe, hata ya kuuliza ufunguo wa stoo, ilipaswa kunakiliwa kwa mkubwa. Huko lawama zilikuwa nyingi na nakala ilikuwa kinga. Akahamia ofisi nyingine akaendelea vilevile. Wenzake wapya wakaanza kumkwepa, walidhani anawashtaki. Hakuna aliyemwambia kitu, naye hakujua kama ana mazoea, kwa sababu mazoea hayo hayakuwahi kuandikwa popote wala kuulizwa. Ilibidi mzee mmoja wa idara amwite pembeni na kumuuliza kwa upole, "Mwanangu, kule ulikotoka walikufanya nini?" Swali hilo lilimfungua.

Waandishi wa programu tuna bahati moja ambayo wengi hawana: mazoea yetu mengi yameandikwa. Karibu kila kihariri kina faili la mipangilio. VS Code huliita settings.json, kwenye Linux utalikuta ndani ya folda ya .config/Code/User, kwenye Windows ndani ya AppData. Vim hulitafuta kwa jina la .vimrc, na ile nukta ya mbele hulificha lisionekane ukiorodhesha mafaili kwa njia ya kawaida. Humo mtu huandika apendavyo: herufi ziwe na ukubwa gani, mstari ukizidi upana wa dirisha ufanyeje, kitufe kipi kifanye nini, nafasi ngapi ziachwe mwanzoni mwa mstari. Miaka ikipita faili linanenepa. Ukilisoma la mtu unaweza kuona alikopita: mistari ya kazi iliyokwisha, mistari aliyopewa na aliyemfundisha, na ule mstari wa ukubwa wa herufi ambao namba yake inapanda polepole kadiri macho yanavyochoka.

Ofisini kwetu kuna dada mmoja kijana, hodari, aliyekuwa amenunua laptop iliyotumika, zile zinazoletwa kutoka Dubai. Alitaka kuanza vizuri. Akanijia na .vimrc aliyoipata mtandaoni, ya mwandishi mmoja wa programu wa ng'ambo, ndefu ajabu.

"Kaka, nisaidie kuiweka hii. Wanasema ndiyo nzuri kuliko zote."

"Tutaiweka," nikamwambia. "Ila tuisome kwanza."

Mstari wa kwanza kabisa ulikuwa set nocompatible. Nikamuuliza kama anajua unafanya nini. Hakujua, na sikumshangaa, kwa kuwa mstari huo umenakiliwa kutoka faili hadi faili kwa miaka mingi na watu wasiohesabika. Vim ilipotoka mwaka 1991 ilikuja kama mrithi wa kihariri cha zamani kiitwacho vi, na ili isiwaudhi wazee wa vi iliwekewa uwezo wa kujifanya vi. Mstari ule unaiambia Vim isijifanye. Lakini Vim yenyewe, ikikuta tu kwamba una .vimrc yako, huacha kujifanya bila kuambiwa. Kwa hiyo, kwa matumizi ya kawaida, mstari ule umeandikwa juu kabisa ya faili, mahali pa heshima, na haufanyi lolote. Neovim, tawi lililojitenga na Vim mwaka 2014, liliondoa kabisa uwezo huo wa kujifanya, hivyo huko mstari hauna hata cha kukataza.

Tukaendelea mstari kwa mstari. Kila tulioweza kuueleza na kuuhitaji tuliuacha, na juu yake akaandika sababu kwa Kiswahili. Vim huchukulia mstari unaoanza na alama ya kunukuu kuwa ni maelezo tu, haiutekelezi, kwa hiyo unaweza kuandika humo chochote. Mojawapo ya sehemu zake ikaja kuwa hivi:

" nafasi mbili: ndivyo tulivyokubaliana kwenye mradi wa malipo
set shiftwidth=2

Mistari ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuieleza tuliifuta. Faili likabaki fupi. Alikuwa na wasiwasi, akaniuliza itakuwaje kama kuna kitu muhimu tumekiondoa. Nikamwambia atajua siku atakayokihitaji, na siku hiyo atakirudisha akiwa anajua kwa nini. Sasa hivi faili lake limeanza kukua tena, na ukimuuliza kuhusu mstari wowote anakujibu papo hapo.

Lakini kuna mtego hapa, na nimeona wasomi wa fani yetu wakiuingia. Mtu akishagundua kwamba mambo mengi ya zamani yamepoteza sababu zake, anaanza kufyeka kila kitu cha zamani. Vim ina desturi moja inayowashangaza wageni wote: ukitaka kusogeza kishale hutumii vitufe vya vishale vya pembeni, unatumia herufi h, j, k na l. Ukiuliza kwa nini, utapelekwa mwaka 1976, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako Bill Joy alikuwa anaandika vi. Kompyuta aliyoitumia ilikuwa na kibodi ya mtambo uitwao ADM-3A, na kwenye kibodi ile vishale vilichorwa juu ya herufi hizo nne hasa. Hakukuwa na vishale vingine. Basi. Hakuna falsafa iliyofichika; kiwanda kilichora hivyo, na Joy alitumia kilichokuwa mbele yake.

ADM-3A imebaki ya makumbusho. Kama ungefuata kanuni ya kufuta kila kilichopoteza sababu yake ya kwanza, ungefuta h, j, k na l asubuhi ya leo. Lakini weka mkono wako wa kulia kwenye kibodi kama anavyofundishwa mchapaji: vidole vimekaa karibu pale pale. Huhitaji kuunyanyua mkono kwenda kutafuta vishale kwenye kona. Sababu ya kwanza ilikufa, nyingine ikazaliwa mahali pake, na hiyo inatosha kabisa. Kwa hiyo swali ninalouliza kila mstari ni kama upo sasa kwa sababu yoyote ninayoweza kuitaja. Ulianzia wapi ni historia, na historia naipenda, lakini haiamui.

Nina mazoea yangu mwenyewe ya namna hiyo. Mkono wangu wa kushoto hubonyeza Ctrl na S, yaani hifadhi, kila nikimaliza wazo. Kila wazo. Nilijifunza kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri, miaka ya mgao wa umeme, ambapo taa ikizima na kazi ya mchana mzima inazima nayo. Leo natumia laptop yenye betri, VS Code inaweza kuhifadhi yenyewe, na Vim huweka nakala ya pembeni unapoandika ili uweze kuokoa kazi hata mashine ikizima ghafla. Sababu ya mgao haipo tena kwenye meza yangu kwa uzito ule. Nilipoiuliza tabia hiyo inafanya nini sasa, niligundua kwamba ule muda mdogo wa kubonyeza ndio muda ninaosoma upya nilichokiandika. Nimeibakiza.

Na vidole ndivyo vinavyochelewa kuhama kuliko kitu chochote. Unaweza kunakili mafaili yote kwa dakika moja, ukahamia kwenye Mac, na mara ya kwanza unapotaka kuhifadhi unabonyeza Ctrl na S na hakuna kinachotokea, kwa sababu kule kazi hiyo ni ya kitufe cha Command. Akili inajua. Kidole hakijui. Watengenezaji wa vihariri wanalifahamu hili. VS Code ina viendelezi, yaani programu ndogo za nyongeza, vya kukuwekea vitufe vya Sublime Text, vya Atom, vya Vim au vya Emacs, ili mgeni ajisikie yuko kwao. Navipendekeza kwa mwenye kazi ya kukabidhi wiki hiyo. Kwa mwenye nafasi, namshauri akubali kuwa mwanafunzi tena. Mtu aliyebobea anapolazimika kutafuta kitufe kwa macho, polepole, mbele ya vijana, anakumbuka jinsi mwanafunzi wake anavyojisikia kila siku, na huwa mwalimu mpole zaidi baada ya hapo. Nimeliona kwa watu wawili watatu ninaowaheshimu sana.

Kuhama kutoka mashine moja hadi nyingine kuna ugumu wake wa pekee, nao ni wa vitu visivyoonekana. Yule dada aliandika programu fupi ya Bash kwenye kompyuta ya Windows, akaipeleka kwenye seva ya Linux. Ikakataa. Ujumbe uliotoka ulisema /bin/bash^M: bad interpreter. Aliisoma programu yake juu hadi chini, kila herufi ilikuwa sahihi. Tatizo lilikuwa mwisho wa mistari. Zamani za mashine za kuchapa kwa waya, kumaliza mstari kulihitaji amri mbili: moja ya kurudisha kichwa cha kuchapia mwanzoni, nyingine ya kusogeza karatasi. Windows ilirithi zote mbili. Linux hutumia ya pili tu. Kwa hiyo kila mstari aliouandika ulimalizika na alama moja ya ziada, haionekani kwenye kihariri, na Linux ikaisoma kama sehemu ya jina la programu: ikatafuta bash yenye mkia, isiipate. Ile ^M ndiyo alama yenyewe imejitokeza.

Tuliliondoa tatizo kwa kuweka mambo mawili madogo ndani ya mradi: faili la .editorconfig linaloviambia vihariri vya kila mmoja wetu mistari iishe vipi na nafasi ziwe ngapi, na la .gitattributes linaloiambia Git, programu tunayotunzia historia ya msimbo, mistari iishe vipi. Na hapo ndipo nilipoona tofauti ambayo tangu hapo naishikilia. Rangi ya dirisha langu ni yangu. Ukubwa wa herufi ni wa macho yangu. Lakini namna mistari inavyoisha ni yetu, kwa kuwa ikitofautiana mwingine anaumia. Watu wanapoteza jioni nzima wakibishana nafasi mbili au nne, kila mmoja akitetea mazoea yake kana kwamba ni imani. Kaeni mara moja, kubalianeni, liandikeni ndani ya mradi ambapo hata atakayekuja kesho atalikuta, kisha kila mtu abaki na rangi zake. Nimejaribu kulipeleka hili nyumbani pia, katika mambo ya fedha na ya wageni, na limepunguza maneno mengi.

Siku hizi kuna njia nyepesi. Tangu mwaka 2020 VS Code ina uwezo wake wenyewe wa kusawazisha mipangilio: unaingia kwa akaunti ya Microsoft au ya GitHub, na mashine mpya inajivika sura ya ile ya zamani. Mimi naitumia na nashukuru ipo. Imefikiriwa kwa makini pia; mipangilio inayohusu mashine moja tu, kama njia ya kufikia programu iliyowekwa humo, haiihamishi, na vitufe inaviweka mbali kwa kila mfumo ili vya Mac visivuruge vya Windows. Lakini haivuki kwenda kwenye kihariri kingine, wala haikuulizi sababu ya mstari wowote. Inabeba karibu kila kitu, na mtu anayebebewa hivyo hapati ile siku ya kukaa na kuulizana na mistari yake.

Kwetu sisi tunaonunua bando, hata hivyo, kuna kinachotulazimisha. Kusawazisha huleta orodha ya viendelezi, kisha kila kimoja kinapakuliwa upya, na baadhi yao ni vizito. Kihariri chenyewe nacho hula bando kabla hujaongeza kitu. Mara ya mwisho nilipoandaa mashine mpya nilizima usawazishaji wa viendelezi na kuvileta kimoja kimoja, kila nilipohitaji. Zaidi ya nusu sikuvihitaji tena. Ukosefu wa bando ulinifanyia kazi ambayo wingi ungenizuia kuifanya.

Jambo moja la hatari nitalisema kwa ufupi: funguo za siri, nywila za kanzidata, tokeni za huduma za malipo, zisikae kwenye mafaili haya. Watu huyaweka mafaili yao ya mipangilio hadharani kwenye GitHub ili wenzao wajifunze, na ni ukarimu mzuri, lakini mwizi naye husoma. Na la kusasisha toleo: VS Code hutoa matoleo mapya mara kwa mara, pamoja na maelezo ya kilichobadilika. Yasome. Usisasishe usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, na usikae miaka mitatu bila kusasisha ukaja kuruka matoleo yote kwa mpigo, maana hapo ukiharibikiwa hutajua ni badiliko lipi lililokuharibia.

Nimeacha kwa makusudi mstari mmoja ambao haumo kwenye faili la mtu yeyote, ila kila anayehama na Vim anaubeba. Aliyeitengeneza Vim ni Bram Moolenaar, Mholanzi. Toleo la kwanza aliloligawa kwa watu, mwaka 1991, lilikuwa la kompyuta ya Amiga. Mwaka 1994 alikuja Uganda na kujitolea kwa muda wa mwaka mmoja katika kituo cha watoto huko Kibaale, mji mdogo wa kusini, eneo la Rakai, si mbali na mpaka wa Kagera. Alishughulikia maji na usafi. Rakai ilikuwa imepigwa mapema na vibaya na UKIMWI, na watoto wengi walibaki bila wazazi. Aliporudi kwao alianzisha shirika la kuwasaidia, ICCF Holland. Hakuuza Vim. Aliigawa bure, akaomba anayeipenda awachangie watoto wa Kibaale, na ombi hilo akaliweka ndani ya programu yenyewe: ukiifungua Vim bila faili, maneno ya kuwasaidia watoto maskini wa Uganda hutokea mara kwa mara mbele yako, na ukiandika :help uganda unapata maelezo kamili.

Fikiria safari ya maneno hayo. Yamefika kwenye Unix, Windows, Mac, na kwenye seva za Linux zisizohesabika duniani, katika vyumba baridi ambavyo hakuna aliyewahi kusikia habari za Rakai. Hata Neovim ilipojitenga ilihama nayo. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, akiwa na umri wa miaka 62. Christian Brabandt pamoja na wenzake wakaichukua kazi, na toleo la 9.1, lililotoka tarehe 2 Januari 2024, wakaliweka wakfu kwa kumbukumbu yake. Matoleo yakabadilika, msimamizi akabadilika, mstari ule ukaendelea kuhama, kwa sababu mwenyewe aliuandika wazi, mahali ambapo kila mrithi angeukuta, na akaeleza sababu yake kwa lugha ambayo hata asiyejua programu anaielewa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una laptop mpya njiani, au unakaribia kumgawia mdogo wako ile ya zamani, tenga jioni moja kabla hujanakili chochote. Fungua faili lako la mipangilio. Juu ya kila mstari andika sababu yake, kwa Kiswahili, kama unayemweleza mtu atakayelirithi; settings.json ya VS Code nayo inakubali maelezo, anza tu na mikwaju miwili. Usioweza kuueleza, ufute. Kisha liweke kwenye hazina ya Git iliyo yako, na umpe nakala kijana mmoja unayemfundisha, mkilisoma pamoja. Na kama unatumia Vim, leo usiipite ile skrini ya kwanza haraka. Andika :help uganda, usome mpaka mwisho, na ukiwa na uwezo, uwachangie watoto wa Kibaale.